Hadithi iliyolala miaka haifufuki kwa kusubiri msukumo. Anza kwa kufuta tukio la mwisho

#1 Fundi Msuko

Wakuu, salaam.

Kuna ushauri unaozunguka sana: ukitaka kufufua hadithi uliyoiacha, tulia, msukumo utarudi wenyewe. Nadai ushauri huo ndio unaozizika hadithi nyingi. Hadithi haikwami pale ilipokatika. Hukwama matukio mawili au matatu nyuma, kisha mwandishi akaendelea kuisukuma kwa nguvu mpaka pumzi ikamwishia. Miaka ikipita anafungua faili, anatazama aya ya mwisho, haoni njia, anafunga. Njia haipo pale, ndiyo maana haioni.

Hatua zenyewe:

1. Tengeneza nakala ya faili, ipe jina lenye tarehe ya leo. Ile ya zamani usiiguse tena.
2. Soma mswada wote kwa mkupuo mmoja bila kalamu mkononi. Maneno 20,000 ni kama saa mbili. Ukishika kalamu utaanza kurekebisha koma na msuko utakupita.
3. Rudi mwanzo. Kila tukio liandikie mstari mmoja wenye mambo matatu: nani anataka nini, nini kinamzuia, na tukio likiisha nini kimebadilika.
4. Tukio ambalo jambo la tatu ni tupu, litie alama.
5. Tafuta alama zilizo karibu na pale mswada ulipokatika. Kuanzia ya kwanza kati ya hizo, kata kila kitu na ukihamishie kwenye faili la mabaki. Anza kuandika hapo ulipokata.

Mfano. Binti anagundua kuwa wosia wa baba yake umeghushiwa. Tukio la pili anamuuliza mjomba, mjomba anakwepa. La tatu anamuuliza mama, mama analia. La nne anamuuliza wakili, wakili yuko safarini. Hapo mswada unakatika na mwandishi anasema amekosa msukumo. Hajakosa kitu. Ameandika tukio lile lile mara tatu: binti anauliza, hajibiwi. Tiba iko kwenye tukio la pili. Mjomba ajibu, tena ajibu ukweli mtupu. Binti akishajua, lazima achague, na akichagua hadithi imeshatembea.

Riwaya iliyolenga maneno 60,000 mara nyingi utaikuta imelala karibu na theluthi ya kwanza, 20,000 hivi. Utambulisho umeisha, swali limeshaulizwa, sasa matendo yanatakiwa yazae matokeo. Hapo ndipo wengi wetu huanza kurudiarudia.

Mnasemaje?

#2 Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa.

#3 Dafina

Mkuu Fundi, hatua zako nazikubali ila sababu yako siikubali. Hadithi nyingine hukatika kwa sababu mwandishi amekauka, na hata ukirudi tukio la pili au la kwanza bado umekauka. Mark Twain alilieleza hili vizuri. Alipokuwa akiandika Huckleberry Finn alifika ukurasa wa 400 wa mswada, hadithi ikagoma. Akasema tangi limekauka, akaiweka kando, na aliporudi tangi lilikuwa limejaa lenyewe. Kwa hiyo kusubiri nako ni kazi.

#4 Bi Tahajia

Dafina, umechanganya vitabu viwili, na si kosa lako peke yako, maana namba ni ile ile.

Maelezo ya tangi kukauka kwenye ukurasa wa 400 yako kwenye tawasifu yake na yanahusu Tom Sawyer. Huckleberry Finn aliianza 1876, na mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake kuwa ameshaandika kurasa 400 na kwamba kitabu kimekaribia nusu. Kikalala. Akakimaliza 1883, kikatoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885.

La muhimu kuliko tarehe ni alichokifanya katikati. Mwaka 1882 alirudi kusafiri kwenye mto Mississippi, mto ule ule ambao hadithi inapita, ili aandike kitabu kingine kuuhusu. Mwaka uliofuata Huckleberry Finn ikaisha. Sasa hilo tangi lilijaa lenyewe au lilijazwa?

#5 Fundi Msuko

Asante Bi Tahajia. Naona unanisaidia nusu na unamsaidia Dafina nusu.

#6 Dafina

Nimesahihishwa, napokea. Lakini hoja inabaki: aliyerudi mtoni ni mtu aliyeongeza kitu kichwani. Hakurudi kufuta tukio la mwisho.

#7 Mjuzi wa Barazani

Kuna jambo mnalisahau. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha kuwa kazi isiyokamilika hung'ang'ania akilini kuliko iliyokamilika. Ndiyo maana hadithi ya zamani haikuachi. Kwa hiyo msukumo upo siku zote, fungua faili tu utaukuta.

#8 Nukta Mbili

Mjuzi, twende taratibu.

Utafiti wa Zeigarnik ulitoka 1927, Berlin. Watu walipewa kazi ndogondogo kama 20, nusu wakakatizwa kabla ya kumaliza. Baadaye walikumbuka zile zilizokatizwa karibu mara mbili ya zilizokamilika. Hiyo ni kumbukumbu. Haisemi kwamba utaweza kuendelea. Tena waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara.

Unachokitaka wewe kiko kwa mwenzake, Maria Ovsiankina, 1928. Yeye ndiye aliyeonyesha kuwa mtu aliyekatizwa akiachiwa nafasi hurudi kuimalizia kazi yake bila kuambiwa wala kulipwa. Ila hizo zilikuwa kazi za dakika chache, na mtu alijua hatua inayofuata. Mswada uliolala miaka umepoteza sifa hiyo ya pili. Mwandishi hajui hatua inayofuata, ndiyo maana anafungua faili na kulifunga.

Kwa upande wa kusubiri kwa Dafina, Graham Wallas mwaka 1926 aligawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, mwangaza, uhakiki. Watu hupenda kuatamia wakaruka maandalizi. Akili haiatamii kitu ambacho hakijawekwa. Ukitaka kutumia hatua hiyo ifanye hivi: soma mswada wote, andika swali moja linalokukwamisha kwa sentensi moja (“Kwa nini mjomba anaficha?” na si “Nifanye nini na sura ya tano?”), kisha liache siku mbili tatu. Zikizidi wiki mbili umeshasahau undani, na itabidi usome tena.

#9 Domo Kaya

Kwa hiyo miswada yote ya humu ndani haikuatamiwa, ni mayai viza tu. Ahsanteni, nalala vizuri leo.

#10 Kalamu Butu

Mnazungumzia msuko na saikolojia, mimi nadhani mgonjwa ni mwingine. Mwandishi amebadilika. Aliyeanza alikuwa na sentensi ndefu zenye tamathali tatu tatu, anayerudi anaandika kwa mkato. Akiongeza kurasa mbili tu, mshono unaonekana, anachukia, anaacha. Halafu anasema hana msukumo.

Pima kwanza. Chukua aya kumi za zamani na aya kumi ulizoandika mwezi huu kwenye kazi nyingine. Hesabu maneno kwa kila sentensi. Angalia pia nani anasimulia, na njeo. Ya zamani inakwenda na -li- na -ka- (“alisimama, akageuka, akaondoka”), mpya inakwenda na -na- (“anasimama, anageuka”)? Angalia mazungumzo yanachukua sehemu gani ya ukurasa. Ukiona wastani wa maneno 22 kwa sentensi upande mmoja na 11 upande wa pili, usidhani utaziba kwa kupaka rangi juu.

Njia ziko tatu, kila moja na gharama yake.

Ya kwanza ni kurudi kwenye sauti ya zamani. Nakili upya kwa mkono, au kwa kuchapa herufi kwa herufi, kurasa tano za mwisho, kisha endelea bila kusimama. Mkono unashika mwendo ambao jicho linauruka. Inafanya kazi kwa saa moja mbili, kwa hiyo kila kikao kipya unanakili tena ukurasa mmoja kabla ya kuanza. Inachosha.

Ya pili ni kuandika yote upya kwa sauti ya sasa, ya zamani ikiwa pembeni. Usibandike aya hata moja. Ukibandika moja utabandika kumi. Gharama yake ni muda, na kuna hatari ya kuua uchangamfu uliokuwemo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda: uingize mshono ndani ya hadithi. Sehemu ya kwanza inasimuliwa na mhusika akiwa kijana, ya pili na yule yule akiwa mtu mzima anayebishana na alichokisema awali. Tofauti ya sauti inakuwa na sababu. Lakini haiwezekani kama msimulizi ni wa nafsi ya tatu asiye na umri.

#11 Bi Tahajia

Kalamu Butu kaeleza vizuri, naongeza tahadhari kwa watakaobadili njeo. Usitegemee “tafuta na badilisha”. Kwenye Kiswahili njeo imekaa tumboni mwa kitenzi. Ukitafuta “ali” utaletewa kali, mbali, swali na serikali. Ukijidai mjanja ukatafuta maneno yanayoanza na ali-, wali- au mli-, utakutana na alimradi, walimu na mlima. Njeo inabadilishwa kwa jicho, kitenzi kimoja kimoja. Kurasa kumi kwa siku ni kazi ya kutosha. Zaidi ya hapo unaanza kuruka.

Majina ya wahusika nayo hivyo hivyo. Kabla ya kubadilisha, weka alama kwenye “neno zima” na “zingatia herufi kubwa”. Mtu akibadili Juma kuwa Hamisi bila kufanya hivyo atapata siku inayoitwa Hamisimosi.

LibreOffice, programu ya kuandikia, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Iwashe, vinginevyo mswada mzima utapigiwa mistari myekundu na makosa ya kweli hutayaona.

#12 Domo Kaya

Tukutane Hamisimosi basi.

#13 Chachandu

Kwa kuwa mmegusa lugha, kuna zoezi la kufufua hadithi ambalo kwetu ni rahisi ajabu: mgeuze mhusika mmoja kutoka mwanamume kuwa mwanamke, au kinyume chake. Vitenzi havina jinsia. “Alisimama akamtazama” inabaki kama ilivyo. Unachobadili ni majina, maneno ya ukoo (mjomba, shangazi, kaka, dada), mume na mke, na kuoa na kuolewa. Tukio la maneno 1,500 linaweza kugeuzwa ndani ya robo saa.

Msigeuze ili mbaki na mgeuko. Geuzeni ili msome upya. Sentensi ambayo ghafla inasikika ya ajabu ni ile iliyoandikwa kwa mazoea, mwandishi hakumfikiria mtu mwenyewe bali alifikiria aina ya watu. Hizo ndizo sehemu za kuandika upya, hata ukimrudisha mhusika alivyokuwa.

La pili: funga mswada, washa kinasa sauti cha simu, msimulie mtu hadithi yote kwa dakika tano bila kusoma. Asipokuwepo mtu, isimulie simu. Ulichokiruka bila kujua ni cha kukata. Uliposema “ngoja, nilisahau kukwambia” kuna taarifa imekaa mahali pabaya, ipandishe juu.

#14 Domo Kaya

Mjomba wa wosia akigeuzwa shangazi, siri inatoka sura ya pili na riwaya imeisha.

#15 Fundi Msuko

Ndicho nilichosema #1! Siri itoke sura ya pili!

#16 Ubeti wa Tano

Wanariwaya mmejisahau kama kawaida yenu. Hadithi zilizolala si za nathari tu. Tenzi ngapi zimeishia ubeti wa 60 au wa 70? Na huko sababu iko wazi kabisa, haihitaji mwanasaikolojia wa Berlin.

Kwa wasiojua: ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) 8. Vina vya vitatu vya mwanzo vinafanana ndani ya ubeti. Cha nne ni bahari, na hicho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu anaanza na bahari ya -ngo kwa sababu ubeti wa kwanza ulimjia na “mlango”. Anatumia mpango, lengo, shingo, mgongo, uongo, kiwango, ukingo, mchango. Kwenye ubeti wa 40 anaanza kurudia, wa 60 anapindisha maana ili apate neno, wa 70 anaacha. Vitenzi vyetu haviishii na -ngo, kwa hiyo amebaki na majina peke yake, na majina yana mwisho.

Bahari ya -wa haikauki kwa sababu kila kitenzi cha kutendwa kinaingia: aitwa, apigwa, aambiwa. Vivyo hivyo -na kwa kutendana, na -ia ambayo wa kale waliiandika -iya.

Tiba: badilisha bahari peke yake. Utenzi wa beti 70 una vipande 280, lakini unaandika upya 70 tu. Na hapa ndipo msukumo unapotoka, wakuu, bila kuuomba. Kipande cha nne ndicho kinachofunga maana ya ubeti. Ukilazimika kukibadili, hadithi nayo inapinda. Mfano nimeutunga sasa hivi, kwa heshima ya wosia wa mtoa mada:

Akafungua sanduku
kwa pupa na kwa shauku
ilikuwa ni usiku
amefunga na mlango

Nikitupa -ngo na kuchukua -wa:

Akafungua sanduku
kwa pupa na kwa shauku
ilikuwa ni usiku
kumbe anaangaliwa

Mlango umeondoka, ameingia mtu. Sikuwa naye kabla ya kina kunilazimisha.

#17 Kalamu Butu

Hapo umenena. Nani anamwangalia?

#18 Chachandu

Mama. Aliyelia tukio la tatu. Alilia kwa kuwa alijua binti ameona.

#19 Fundi Msuko

Sasa hii ni hadithi yangu au yenu?

#20 Nukta Mbili

Ubeti wa Tano, nakubaliana nawe. Nawakumbusha tu wanaorudia tenzi zao za zamani wahakiki mizani upya kabla ya kubadili bahari, hasa palipo na m na n. “Mti” ni mizani mbili, m-ti. “Nchi” mbili, n-chi. Lakini “mbuzi” ni mbili pia, mbu-zi, siyo tatu. Tenzi nyingi zilizoachwa zina vipande vya 7 na 9 ambavyo mtunzi hakuviona kwa sababu alihesabu kwa jicho. Hesabu kwa vidole huku unasoma kwa sauti.

#21 Mjuzi wa Barazani

Bado naona mnakimbia swali lenyewe: mawazo mapya yanatoka wapi? Kukata na kubadili kina ni ufundi. Kutembea kunasaidia. Kuna utafiti wa Stanford wa 2014 ulioonyesha kuwa anayetembea anakuwa mbunifu kwa asilimia 60 zaidi. Tembea, hadithi itakuja.

#22 Nukta Mbili

Mjuzi, leo umenipania.

Utafiti upo na asilimia hiyo ipo. Lakini kilichopimwa zaidi ni kutaja matumizi mengine ya kitu cha kawaida, yaani kuzalisha mawazo mengi tofauti. Kwenye kazi ya kutafuta jibu moja sahihi, waliotembea walifanya vibaya kidogo kuliko waliokaa. Na hata kutembea kwenye mashine ukitazama ukuta mtupu kulisaidia, kwa hiyo si lazima mandhari nzuri.

Kwa mwandishi maana yake ni kwamba unapotafuta njia kumi za kutoka pale ulipokwama, tembea. Unapochagua moja kati ya hizo kumi, kaa chini. Wengi hufanya kinyume: wanakaa wakitafuta, kisha wanatoka nje kuamua.

#23 Chachandu

Na zisiwe kumi, ziwe 20. Andika swali moja juu ya karatasi, chini yake majibu 20 bila kuchuja. Saba nane za mwanzo ni zile ambazo msomaji naye angezitaja. Kati ya 9 na 14 unakwama, unaandika upuuzi, endelea. Lenye uhai mara nyingi liko huko chini, kwa sababu njia za mazoea umeshazimaliza. Ukiishia la sita ukasema “hili linatosha” umechukua wazo la kila mtu.

Mswada wa zamani una faida moja katika zoezi hili ambayo hadithi mpya haina: tayari una vitu mezani. Orodhesha kila kilichotajwa mara moja kikasahauliwa. Jirani aliyepita na baiskeli sura ya kwanza. Ufunguo uliowekwa mfukoni. Ndugu aliyeko mbali. Kisha lazimisha angalau majibu matano kati ya 20 yatumie kitu kutoka kwenye orodha hiyo. Msomaji ataona ulipanga tangu mwanzo.

#24 Dafina

Chachandu, hilo la vitu vilivyosahauliwa ndilo nililokuwa nalitafuta kwa jina la tangi.

Naongeza maelezo mengine kabisa ya kukwama, maana hamjaligusa: mwisho haupo. Charles Dickens alipofariki Juni 1870 alikuwa ameandika sehemu 6 kati ya 12 za hadithi ya siri ya Edwin Drood, na hadi leo watu wanabishana nani alifanya nini. Kama wasomaji makini wana nusu nzima mkononi na hawawezi kukubaliana mwisho, mwandishi aliyesahau mwisho wake mwenyewe atauonaje kwa kusoma theluthi?

Kwa hiyo kabla ya hatua zote za Fundi, andika tukio la mwisho. Maneno 500 yanatosha. Nani yupo, yuko wapi, amepoteza nini, amepata nini. Kisha rudi nyuma kwa swali moja: ili hili litokee, nini lazima kiwe kimetokea kabla yake? Ukirudi hatua sita au saba hivi unakutana na pale ulipokatia.

#25 Fundi Msuko

Napinga. Hadithi nyingi zimekufa kwa sababu mwandishi aliujua mwisho mno. Kila kilichobaki kikawa kazi ya kubeba wahusika kuwapeleka kituoni. Hakuna la kugundua, hamu inakufa. Kwa mtu wa namna hiyo tiba ni kuufuta mwisho na kubaki na swali.

#26 Dafina

Basi tuna wagonjwa wa aina mbili.

#27 Kalamu Butu

Watatu. Msinisahau na sauti yangu.

#28 Ubeti wa Tano

Na bahari.

#29 Bi Tahajia

Kuna jingine linaloua ufufuaji kimyakimya: wakati wa hadithi. Iliandikwa kama “siku hizi”, lakini siku hizo zimepita. Mhusika anasubiri barua wiki tatu, au anashindwa kumpata mwenzake kwa sababu simu ya mezani haipokelewi. Ukirudi leo msomaji anauliza kwa nini asitume ujumbe. WhatsApp ilianza 2009. Kama taharuki yako inategemea watu wawili kukosa mawasiliano, mwaka una uzito.

Usianze kuwapa wahusika simu mpya. Ukimpa simu mmoja, matukio manne yanaanguka. Ni rahisi zaidi kuutia mwaka hadithini waziwazi, kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili. Kisha tengeneza jedwali la safu nne: tukio, tarehe na siku ya juma, umri wa kila mhusika siku hiyo, na chombo cha mawasiliano kilichopo. Umri ndio unaoumbua. Mama mwenye miaka 45 na binti wa 32 si jambo lisilowezekana, ila msomaji atahesabu, na ataacha kufuatilia wosia ili ajue habari hiyo.

#30 Karani Mkongwe

Nyote mmeruka hatua ya kwanza kabisa, faili kufunguka. Kwa uchache:

Mafaili ya .doc ya kabla ya Word 2007, na hata ya WordPerfect, LibreOffice huyafungua. Fungua, kisha hifadhi kwa jina jipya katika muundo mpya. Usihifadhi juu ya la zamani.

Ukiona ng'ombe ameandikwa “ngâ€™ombe”, mswada haujaharibika. Usimbaji wa herufi ndio umesomwa vibaya. Fungua upya ukichagua UTF-8. Kama umeshahifadhiwa hivyo, badilisha alama hizo tatu kwa kibainishi kimoja. Hapa “tafuta na badilisha” ni salama, Bi Tahajia asinikasirikie.

Ukiwa na nakala tano za mswada mmoja, usidhani ya tarehe ya mwisho ndiyo kamili. Tarehe hubadilika ukilihamisha au ukilifungua na kulihifadhi. Tumia kilinganisha nyaraka, mbili mbili. Mara nyingi aya nzuri iliyofutwa iko kwenye nakala ya katikati.

Halafu weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba.

#31 Bi Tahajia

Sijakasirika.

#32 Domo Kaya

Na kama aya iliyofutwa ilifutwa kwa sababu ni mbovu?

#33 Karani Mkongwe

Utaiona mbovu na utaifuta tena. Angalau utajua.

#34 Chachandu

Kabla hatujaendelea, si kila mswada ufufuliwe. Ukimaliza orodha ya matukio ya Fundi ukakuta zaidi ya nusu hayabadilishi kitu, na hakuna mhusika unayetaka kujua anakwenda wapi, usiitwe mvivu ukiuacha. Toa kinachofaa: mhusika mmoja, mazungumzo ya ukurasa mmoja, mandhari. Vipeleke kwenye hadithi fupi ya maneno 3,000. Riwaya kadhaa zilizolala zilikuwa hadithi fupi tangu awali, mwandishi akazivuta.

#35 Fundi Msuko

Hilo nalikubali lote. Ila nusu ni nyingi, mimi ningesema theluthi mbili ndiyo iachwe. Nusu inatibika kwa kuunganisha matukio.

#36 Msomaji Kimya

Nimesoma wote, asanteni. Swali: mswada ukiwa kwenye daftari, penseli, na karatasi imeanza kuwa njano?

#37 Karani Mkongwe

Piga picha au skani kwa dpi 300, rangi ya kijivu. Usichague nyeusi-na-nyeupe tupu, penseli hafifu itapotea. Mwanga utoke pembeni, usiwashe taa ya simu. Programu za kugeuza mwandiko kuwa maandishi hukosea sana kwenye Kiswahili cha mkono, kwa hiyo usomee kwa sauti programu ya kuandika kwa sauti, au uchape mwenyewe. Ukichapa mwenyewe, kila utakapojikuta umebadili neno bila kukusudia, acha lilivyo na uliwekee rangi. Ukimaliza daftari, angalia rangi zimekusanyika kurasa zipi.

#38 Kalamu Butu

Na hizo kurasa zenye rangi nyingi ndipo sauti mbili zinapogongana. Anzia hapo.

#39 Fundi Msuko

Au ndipo msuko ulipoanza kulegea. Anzia matukio mawili kabla.